Mali Ikitoka Bila Pesa: Mwongozo wa Kuuza kwa Deni kwa Mwenye Depo wa Tunda

Ukiwa na depo Tunda, wewe ni mkopeshaji, upende usipende. Mwenye duka la kijijini anataka mifuko mitatu ya chumvi leo, pesa baada ya soko lake. Mwalimu anataka sukari mpaka mshahara utoke. Mkulima anataka jembe na kitenge mpaka mpunga wake ukobolewe. Ukiwakatalia wote, mali italala na jirani atauza. Ukiwakubalia wote, siku ya kurudi Kindu kununua mali nyingine utakuwa na kaye (daftari la madeni) iliyojaa majina na mfuko usio na kitu.

Katikati ya njia hizo mbili kuna kazi inayofundishika. Ina sehemu mbili: tarehe ya kulipa ifuate siku pesa inapoingia mkononi mwa mteja, na kiasi kisizidi kile unachoweza kukipoteza bila kushindwa kumlipa anayekudai wewe Kindu. Yanayofuata hapa yote yanatumikia hayo mawili.

Kwanza, hesabu ya sabuni

Tuseme katoni ya sabuni, pamoja na usafiri, inakufikia kwa dola 20 na unaiuza 22. Mteja anachukua katoni 10 kwa deni, kisha anapotea. Kaye inasema anadaiwa 220. Mtaji wako uliokwenda ni 200. Kuurudisha kwa faida ya dola 2 kwa katoni, lazima uuze katoni 100 nyingine kwa taslimu, na hizo zote uzisafirishe, uzilinde na kuzibeba bure. Kama faida yako ni dola 1, ni katoni 200. Fanya hesabu hiyo kwa bidhaa yako mwenyewe kabla ya kusema “chukua, utaleta”.

Anayechelewa naye ana gharama, hata akilipa mpaka senti ya mwisho. Ikiwa mtaji wako huzunguka mara moja kwa mwezi, dola 200 hizo zingekuzalia 60 kwa miezi mitatu. Mteja aliyekaa nazo miezi mitatu amekupa 20. Ndiyo maana bei ya deni na bei ya taslimu zisiwe moja. Tangaza bei ya deni kama bei ya kawaida, kisha mpunguzie anayelipa papo hapo. Mteja huona amezawadiwa, na hakuna anayehisi ametozwa faini.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wateja Waislamu, ambao Kindu na Kasongo ni wengi. Wanachuoni wengi wanakubali bei ya deni iwe tofauti na ya taslimu, mradi imekubaliwa tangu mwanzo. Nyongeza inayowekwa baada ya mtu kuchelewa ndiyo wanayoikataza. Kwa hiyo weka bei yako mapema na uachane na faini.

Si jambo jipya kwetu. Misafara ya Tippu Tip iliyofika Kasongo na Nyangwe karne ya 19 ilibeba mali ya deni kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan akiwa mkubwa wao, na pesa zilirudi baada ya miaka kwa pembe za ndovu, pamoja na unyama wa biashara ya watumwa. Matajiri hao waliujua muda wa safari, wakaupigia hesabu katika bei.

Jua pesa ya mteja inatoka wapi, na lini

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanasoma kwamba makampuni huuza kwa siku 30, nao wanaandika siku 30. Lakini Tunda hakuna mtu ambaye pesa yake huja kila siku 30 bila kukosa. Mkulima akiahidi tarehe 15 na mpunga bado uko shambani, hakudanganyi. Anakuheshimu tu kwa kutaja siku. Wewe ndiye unayepaswa kuuliza swali la pili: “Siku hiyo utakuwa umeuza nini, na kwa nani?”

*Mwenye duka la kijijini.* Pesa yake hutoka kwenye mali yako mwenyewe. Muulize siku za soko lake na mfuko mmoja wa chumvi humchukua muda gani kuisha. Mpe mali ya masoko mawili, isizidi. Akitaka ya masoko sita, anataka mtaji wa kudumu, na hiyo ni kazi ya benki au ya likelemba yake (chama cha kuchangiana pesa kwa zamu).

*Mama wa soko.* Huzungusha pesa haraka na huogopa kupoteza jina lake. Mpe kidogo, mara nyingi, alipe wiki hiyo hiyo. Kwa maoni yangu huyu ndiye mteja bora wa deni katika orodha nzima, ingawa wengi humdharau kwa sababu hanunui kwa katoni.

*Mwalimu, muuguzi, mtumishi wa serikali.* Mshahara upo, ila kufika kwake ni jambo jingine. Anayelipwa mbali na benki husubiri pesa zifikishwe. Usiandike “mwisho wa mwezi”. Andika “ndani ya siku tatu baada ya malipo kufika Tunda”, na uwe na mtu wa kukuarifu yakifika. Wafanyakazi wa hospitali huenda wakapata taarifa mapema.

*Mkulima wa mpunga, karanga au mawese.* Ana mali, pesa hana. Mnaweza kukubaliana alipe kwa mpunga. Hapo andika kilo, aina (wenye maganda au mchele), unyevu, na bei itakayotumika: ya leo au ya siku ya mavuno. Ukiacha bei wazi, mtagombana.

*Mnunuzi wa dhahabu au kasiterite (madini ya bati).* Hulipa vizuri sana mpaka siku asipolipa. Usimpe deni kwa kuitazama pikipiki yake.

*Ofisi, mradi, shirika.* Huagiza mengi na karatasi zake ni safi, lakini anayekuagiza siye anayelipa. Kabla ya kutoa mali pata agizo lenye muhuri na sahihi ya mwenye idhini ya kulipa. Ukiambiwa “bajeti imepita”, uliza pesa ziko akaunti gani.

Hatua saba kabla ya gunia kutoka

1. Mjue ni nani. Andika jina kamili, kijiji, simu mbili (moja ya mtu wa nyumbani kwake), na namba ya kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongomani wengi ndiyo kitambulisho kilichopo. Kwa kampuni, omba namba ya RCCM, rejista ya biashara.

2. Uliza kwa wengine. Nenda kwa wauzaji wawili anaonunua kwao, na kwa dereva au msukuma baiskeli anayembebea mali. Swali “Ni mtu mzuri?” halikusaidii, kwa kuwa kila mtu ni mzuri. Uliza: “Mara ya mwisho ulimdai ngapi, na alimaliza lini?”

3. Mwanzo ni taslimu. Mteja mpya anunue kwa pesa mara tatu. Utajua anachukua nini, kiasi gani na kila baada ya muda gani.

4. Weka kikomo. Anza na nusu ya manunuzi yake ya kawaida. Kikomo kiandikwe kwenye kaye juu ya jina lake, ili hata mtoto aliyebaki dukani akione. Kinapanda akilipa kwa wakati mara kadhaa; hakipandi kwa sababu amekuja na mgeni.

5. Weka tarehe inayofuata pesa yake, kama tulivyosema.

6. Andika, sahihi, shahidi. Tazama kisanduku hapa chini.

7. Kagua deni lote, si la huyu peke yake. Jumla ya unachowadai watu wote isizidi mtaji ulio wako mwenyewe. Mali uliyochukua Kindu kwa deni iuze kwa taslimu. Ukikopesha mali ya kukopa, mchelewaji mmoja wa Tunda anakufanya wewe kuwa mchelewaji wa Kindu.

> KISANDUKU: Karatasi ya deni iwe na nini
>
> – Tarehe na mahali.
> – Majina, simu na anwani za pande zote mbili.
> – Mali: aina, idadi, bei ya kila moja, jumla kwa tarakimu na kwa maneno.
> – Sarafu, na namna ya kugeuza ikiwa atalipa kwa nyingine.
> – Tarehe ya kulipa, au awamu na tarehe zake.
> – Ni mauzo, au ni mali aliyopewa akuuzie? (Sababu inakuja mbele.)
> – Tangu mali inapokabidhiwa msukuma baiskeli au mwenye mtumbwi, hasara ya njiani ni ya nani.
> – “Nimepokea mali hii ikiwa kamili na nakiri deni hili”, sahihi au dole gumba, na shahidi mmoja wa kila upande.
>
> Nakala mbili. Yako isikae dukani.

Mzee mmoja atakuambia: “Mwanangu, mimi na baba yako tulikuwa tunapeana mkono tu.” Usibishane naye juu ya uaminifu. Kama ni Mwislamu, mkumbushe kwa adabu kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kama ni Mmethodisti, kama walivyo wengi wa Tunda, sema: “Papa, si kwamba sikuamini. Mimi nikifa leo, watoto wangu wasije wakakudai mara mbili.” Karatasi inamlinda naye.

Dola, franka na noti iliyochanika

Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,590. Aliyeuza kwa deni kwa franka mwanzo wa kipindi hicho na kulipwa mwisho wake alipokea hesabu kamili ya franka zake, huku thamani ikiwa imepungua kwa zaidi ya theluthi. Kiwango hugeuka upande mwingine pia, na hapo ni mteja anayelia.

Kanuni rahisi: deni liwe katika sarafu unayonunulia mali. Ukinunua Kindu kwa dola, andika dola, na uandike kwamba akilipa kwa franka itatumika kiwango cha siku ya malipo, si cha siku ya kuchukua mali. Taja pia kiwango cha wapi, maana cha Tunda na cha Kindu si lazima vilingane. Na kwa kuwa sote tunajua noti ya dola yenye mchano mdogo ukingoni inavyokataliwa nchi hii, andika kwamba noti ziwe nzima. Linaonekana dogo mpaka siku unaporudishiwa noti tano Kindu.

Malipo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ni mazuri kwa sababu yanaacha alama. Lakini usiusadiki ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, wala ule ulioingia kwako kutoka namba ya kawaida. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, kisha ndipo umfutie deni.

Wateja wengi wanaweza kuanguka siku moja

Kukagua mteja mmoja mmoja hakutoshi. Wateja kumi waaminifu wanaotegemea njia moja ni hatari moja iliyogawanywa majina kumi. Treni ya SNCC, shirika la reli, ikikwama kabla ya Kibombo, wote waliokuwa wakisubiri mali au wanunuzi wa reli wanachelewa pamoja. Mvua ikikata barabara, ni hivyo hivyo.

Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikasimama. Bukavu ikafuata mwezi wa pili. Mfanyabiashara wa Kindu aliyezoea kuleta mali kwa ndege kutoka Goma alikatiwa njia bila kosa lolote, na waliomdai wakakatiwa naye. Hakuna karatasi ingezuia hilo. Kilichoweza kusaidia ni kutoweka mtaji wote upande mmoja.

Kwa hiyo, mara moja kwa mwezi, panga upya kaye yako kwa njia badala ya majina: deni lililo kwenye reli, lililo upande wa mto Lualaba, linalosubiri mpunga, linalosubiri mishahara. Fungu moja likizidi theluthi ya jumla, acha kuliongeza kwanza. Na mteja mmoja asishike zaidi ya sehemu ya tano ya madeni yote. Hivyo ni viwango vyangu, si vya sheria. Depo changa iviweke chini zaidi.

Mteja akichelewa

Kila Jumamosi jioni gawanya madeni katika safu nne: ambayo siku yake haijafika, yaliyochelewa hadi siku 15, ya siku 16 hadi 30, na yaliyopita mwezi. Deni likihama safu, wewe pia badilisha mwendo.

1. Siku mbili kabla ya tarehe, piga simu. Si ya kudai: muulize kama mali imetoka vizuri. Anayejua kwamba unakumbuka hukulipa kabla ya anayedhani umesahau.

2. Siku ya kwanza baada ya tarehe, funga deni jipya. Hapa moyo hulegea. Mteja huja na nusu ya pesa na kuomba mali mara mbili, na wewe unaona umepokea kitu, kumbe deni limekua. Pokea, mpe boni (stakabadhi) ya malipo, umuuzie kwa taslimu tu.

3. Ndani ya wiki mbili, nenda kwake. Tazama rafu. Mali yako ipo? Basi haiuziki, zungumzeni airudishe sehemu. Haipo wala pesa haipo? Imekwenda mahali, na unahitaji kujua wapi: ugonjwa, msiba, mahari, au depo nyingine.

4. Andikeni upya. Awamu ndogo zinazolipika, karatasi mpya inayotaja ile ya zamani, sahihi yake. Sahihi hiyo ina kazi ya kisheria, kama utakavyoona.

5. Baada ya mwezi, mwite shahidi wake, mzee wa ukoo, mchungaji, imamu au chifu wa grupema (kundi la vijiji). Nenda kumwomba awapatanishe, usiende kumwaibisha mtu sokoni. Aliyeaibishwa hadharani huona ameshalipa.

Ndugu ni mtihani wa pekee. Mjomba akija, huwezi kumsomea kanuni. Tenga kiasi kidogo kila mwezi ambacho ni cha ukoo, kiite zawadi, na usikiandike kama deni. Kikiisha kimeisha: “Muyomba, ya mwezi huu nimeshatoa. Hii iliyobaki ni ya Wakindu.” Atanung’unika, lakini hatakuwa mdaiwa wako, na mtaonana msibani bila kukwepana.

Sheria inakusaidia hadi wapi

Kongo iko chini ya sheria za biashara za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu Septemba 2012. Kwako zina mambo manne ya kutumika.

*Muda.* Kwa mauzo ya bidhaa kati ya wafanyabiashara, haki ya kudai mahakamani hufa baada ya miaka 2 tangu siku ulipoweza kudai. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi, hesabu huanza upya. Ndiyo faida ya ile sahihi ya awamu.

*Kubaki na umiliki.* Mnaweza kuandika kwamba mali ni yako mpaka ilipwe yote. Lazima iandikwe kabla au wakati wa kukabidhi mali, na ili iwafunge watu wengine isajiliwe RCCM. Kwa mashine ya kukoboa au pikipiki inafaa; kwa chumvi, itakuwa imeshaliwa.

*Amri ya kulipa*, kwa Kifaransa injonction de payer. Ni njia fupi kwa deni la uhakika, lenye kiasi kinachojulikana na ambalo siku yake imefika. Unapeleka ombi na karatasi zako kwa rais wa mahakama ya biashara, au tribunal de grande instance pasipo na mahakama hiyo. Mdaiwa ana haki ya kupinga. Kanuni zake zilirekebishwa mwaka 2023, kwa hiyo muulize mwanasheria wa Kindu muda wa sasa wa kila hatua. Kabla ya kwenda, jumlisha ada, safari na siku utakazofunga duka. Kwa deni la dola 80 haifai.

*Mauzo si amana.* Aliyenunua na kushindwa kulipa ana deni la kiraia, na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia, ambao nchi yetu imo tangu 1976, unakataza kumfunga mtu kwa kushindwa tu kutimiza mkataba. Aliyepewa mali akuuzie, akala pesa, anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai la kuvunja uaminifu. Ndiyo maana karatasi iseme ni lipi kati ya hayo mawili.

> TAHADHARI
>
> Usimlipe polisi wala askari akukusanyie deni. Atakata fungu lake kwanza, mdaiwa atauza kitu ambacho kingekulipa wewe, na kesho mwenzako atamlipa askari yule yule aje kwako. Usichukue pia mali ya mdaiwa kwa nguvu: kutoka mwenye kudai unageuka mshtakiwa.

Makosa yanayojirudia

– Kumpa deni kubwa zaidi mteja anayechelewa, “ili ainuke alipe yote”.
– Kaye moja tu, inayokaa kaunta. Ikiungua au ikiloa, umesamehe watu wote.
– Mfanyakazi mmoja kutoa mali, kuandika deni na kupokea malipo. Gawanya kazi hizo.
– Kuhesabu madeni kama faida na kula kabla hayajalipwa.
– Kutompa mlipaji boni. Akidai amelipa mara mbili, huna jibu.

Deni lililokufa

Likipita miezi sita bila malipo yoyote, na umeshapita hatua zote, lihamishie ukurasa wa mwisho wa kaye na ulitoe katika hesabu ya mtaji, ili upange safari ya Kindu kwa pesa uliyo nayo. Karatasi yake itunze. Mdaiwa huyo akirudi siku moja na pesa, zipokee, mwandikie boni, na umuuzie anachotaka kwa taslimu. Akiomba deni tena, aanze kwenye hatua ya tatu ya zile saba kama mgeni: mara tatu taslimu, kisha nusu.